Rangi Husomwa Kutoka Chini: Ndege za Kijapani Mezani Kwangu

Kazi yangu ni magari. Nilijifunza kupiga rangi kwenye gereji za Changamwe, Mombasa, na sasa nafanya kazi kwenye yadi ya magari ya mtumba karibu na bandari ya Nagoya, Japani, ambako magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini kwenda Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Mtu wa gereji haitazami rangi ili aone uzuri wake. Huitazama ili ajue kilicho chini yake. Mlango uliojazwa puti hutoa mlio mwingine ukiugonga kwa kifundo cha kidole. Klia, ile rangi angavu ya mwisho, iliyopigwa juu ya vumbi huonekana ukiinama na kuitazama kwa ubavu, mwanga ukiwa mbele yako. Ukingo wa mpira wa dirisha hukwambia kama gari lilitoka kiwandani na rangi ile au lilivishwa baadaye.

Macho hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye ndege ndogo za plastiki, hasa za Japani za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimeamua kuandika kwa sababu naona wengi wanaoanza kazi hii huanzia juu. Wanatafuta chupa ya rangi sahihi, wanapaka, wanabandika yale majua mekundu, alama ya ndege za Japani, kisha wanabaki wakijiuliza mbona ndege yao haina uhai. Chupa haina kosa. Kilichokosekana ni tabaka za chini.

Ukiishi Nagoya huwezi kuikwepa habari ya ndege hizi. Kiwanda cha Mitsubishi kilichounda Zero, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Japani, kilikuwa hapa, upande wa baharini, na hakikuwa na uwanja wa ndege. Zero ya kwanza ya majaribio ilipokamilika Machi 1939, ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe na kuvutwa hadi uwanja wa Kakamigahara, mkoa wa Gifu, kilomita 48 hivi, maana barabara zilikuwa mbovu na lori lingeitikisa mno. Tarehe 1 Aprili ikaruka. Jiro Horikoshi, mhandisi aliyeisanifu, alipunguza uzito kila alipopata nafasi. Alitumia alumini ya aina mpya, imara kuliko ile ya kawaida. Hakuweka bamba la chuma nyuma ya kiti cha rubani, wala matangi ya mafuta yanayojiziba yakitobolewa. Kwa sababu hiyo Zero ilifika mbali na kugeuka upesi kuliko wapinzani wake wa mwanzo, na kwa sababu hiyo hiyo ikipatwa na risasi iliwaka.

Baada ya kushindwa, Japani ilipigwa marufuku kuunda ndege kwa miaka kadhaa, na watu pamoja na mashine zao wakahamia kwenye vitu vingine. Nakajima, kampuni iliyounda Zero nyingi kuliko Mitsubishi yenyewe, ilivunjwa, na kutoka kwenye vipande vyake ikazaliwa Subaru. Kampuni ya ndege ya Aichi, ya hapa hapa Nagoya, iligeuka baadaye kuwa kiwanda kinachotengeneza injini na giaboksi za Nissan. Vijana wa Nairobi wanaoapa kwa jina la Subaru sijui kama wamewahi kuambiwa ukoo wake. Mimi nikipitisha mkono juu ya boneti yadini najua nagusa kazi ya viwanda vyenye ukoo huo, na nikirudi nyumbani jioni nagusa ya mababu zao.

Ndege niliyoijenga kwa moyo wote ni Aichi D3A, ile ambayo maadui wa Japani waliipa jina la Val. Ilibeba watu wawili, ikishuka kama inayopiga mbizi na kudondosha bomu la kilo 250 karibu kabisa na shabaha. Magurudumu yake hayakunjwi. Yamevishwa vifuniko vyenye umbo la tone la maji, na mabawa yake ni ya duara kwenye ncha. Kwa kipimo cha 1/48, yaani ndege halisi ikipunguzwa mara 48, bawa hadi bawa ni sentimita 30 hivi, inajaa meza ndogo.

Niliichagua kwa sababu ya Mombasa. Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, manowari tano za kubebea ndege chini ya Admirali Chuichi Nagumo zilishambulia Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo). Siku hiyo hiyo ndege za Val zilizamisha meli mbili za kivita za Uingereza baharini, Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 Aprili zikaizamisha Hermes, manowari ya kubebea ndege, karibu na Batticaloa, pwani ya mashariki ya Ceylon. Waingereza wakaona Ceylon haikaliki tena, meli zao kubwa zikaletwa Kilindini. Wataalamu waliokuwa wakifumbua siri za redio za Kijapani nao wakahamishwa, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram.

Nimepita mbele ya shule ile tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia. Niliyajua haya nikiwa Japani, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa nilitaka kufahamu ndege niliyokuwa nikiisugua msasa ilifika wapi na ilimfanya nini nani. Ilitengenezwa jiji ninaloishi sasa, na kazi yake ndiyo iliyojaza manowari bandari ya jiji nililozaliwa. Baada ya hapo sikuweza kuijenga kijuujuu.

Basi Val ya Aprili 1942 ilikuwa na rangi gani? Kazi yenyewe inaanzia kwenye swali hilo. Agosti 1945 nyaraka nyingi za jeshi la Japani zilichomwa moto kabla Wamarekani hawajatua, na ndege zilizobaki zikalundikwa zikateketezwa au kukatwakatwa. Picha zilizopo karibu zote hazina rangi, na filamu nyingine za zama zile zilikuwa hazioni wekundu kabisa, kwa hiyo nyekundu hutokea nyeusi. Ukanda mweusi unaouona kwenye picha ya kiwiliwili cha ndege unaweza kuwa ulikuwa mwekundu. Na ukanda huo una maana yake. Mwanzoni mwa vita, mmoja mwekundu ulikuwa wa manowari Akagi, mmoja wa buluu wa Soryu, miwili ya buluu wa Hiryu, mmoja mweupe wa Shokaku, miwili myeupe wa Zuikaku. Ukikosea rangi ya ukanda umeihamisha ndege kutoka meli moja hadi nyingine, pamoja na watu wake.

Kwa miaka mingi waundaji duniani kote walipaka Zero na Val za mwanzo wa vita kijivu hafifu kinachokaribia weupe. Kisha watafiti wakachukua vipande vya mabati ya ndege zilizoanguka, wakavisugua pole pole hadi wakafika kwenye rangi ambayo jua halikuipata. Kijivu walichokikuta kina uzeituni ndani yake, kimeelekea manjano kidogo, na kilikuwa cha kung'aa. Ule weupe ulikuwa chaki ya rangi iliyoliwa na jua na chumvi ya bahari. Mtu yeyote wa gereji ya pwani angewaambia hivyo mapema. Paa la Toyota iliyokaa Likoni miaka kumi lina weupe wake, ukipitisha kompaundi unakutana na rangi nyingine kabisa. Chupa ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli na rangi zake, yenye nambari XF-76 inakaribia kijivu hicho. Mimi huongeza tone la njano, naipiga, naifunika klia ya kung'aa, na baadaye ndiyo naipunguza mng'ao mahali ambapo jua lingepiga: mgongo wa kiwiliwili na juu ya mabawa. Tumboni naacha ing'ae.

Mzee mwenye duka la modeli mtaani kwetu aliniuliza swali moja siku niliponunua boksi langu la Val, lile la kampuni ya Hasegawa. Aliniuliza ndege yangu ni ya mwezi gani. Si mwaka, mwezi. Sikuwa na jibu, akaniwekea chupa za rangi pembeni, akasema zitanisubiri. Huo ndio ufundi niliouheshimu zaidi Japani. Ndege ya kubebwa na manowari mwanzoni mwa 1942 ilipakwa vizuri kiwandani, ikatunzwa na mafundi waliopikika kazini, ikalala ndani ya banda la meli. Mikwaruzo yake ni michache. Ina mafuta yaliyovuja kutoka injini na kukimbia nyuma chini ya tumbo, ina moshi wa ekzosi, ina nyayo kwenye shina la bawa. Ukiichubua mpaka fedha itoke kila upande umeivisha vita vya 1945 ikiwa bado iko 1942.

Sasa nikwambie kuhusu ndani yake, maana ndani ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kule nyuma, ndani ya kiwiliwili, viwanda vya Japani vilipaka vanishi inayopitisha mwanga, ya kijani kuelekea buluu, moja kwa moja juu ya alumini, ili isiliwe. Waundaji wa hapa huiita aotake. Huwezi kuipata kwa kuchanganya kijani na silva kwenye kikombe kimoja. Utapata rangi nzito, iliyokufa. Lazima uijenge kama walivyoijenga wao. Kwanza nyeusi ya kung'aa, kwa sababu silva hupendeza ikilazwa juu ya nyeusi. Kisha silva nyembamba, uiache ilale usiku kucha. Kisha klia ya buluu X-23 na klia ya kijani X-25 za Tamiya, zikichanganywa na thina nyingi, zikipulizwa kwa bunduki ndogo ya rangi na upepo mdogo sana.

Pasi ya kwanza ya rangi huioni. Ya pili inaleta kama ukungu. Endelea taratibu, ukiacha kila pasi ikauke, halafu sogeza kipande chini ya taa: mwanga unaingia ndani ya rangi, unagonga silva, unarudi. Kwenye kona za mbavu, ambako rangi imekaa nzito, kijani kimeiva hadi kukaribia weusi. Juu ya kingo, ambako imeteleza, silva inachungulia. Hukuchora kivuli hata kimoja, na vivuli vyote vipo. Nikikaa mbele ya kipande hicho huwa nasahau chakula. Ukishaunga nusu mbili za kiwiliwili kwa gundi, robo tatu ya kazi hiyo inafungiwa gizani, na bado naifanya kila mara, kwa kila ndege. Kile kinachobaki kuonekana kupitia kioo cha mpiga bunduki wa nyuma kinatosha.

Jeshi la nchi kavu la Japani lina habari nyingine kabisa, na huko ndiko nilikoelewa maana ya rangi kuvaliwa juu ya mwili mtupu. Ndege kama Nakajima Ki-43, iliyoitwa Hayabusa, nyingi zilitoka kiwandani zikiwa alumini tupu, inang'aa. Kijani kilipigwa baadaye, vituoni, mara nyingi bila praima yoyote, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kwa mabaka au mistari, kadiri fundi alivyoweza. Rangi isiyo na praima haishiki. Joto, mvua na mchanga wa viwanja vya Burma (Myanmar ya leo) viliing'oa kwa mapande. Kwenye picha unaziona zimebabuka vibaya, na hiyo si sanaa ya mpaka rangi. Ndivyo zilivyokuwa.

Kwa ndege hiyo nimetumia chumvi. Napiga silva, naiziba kwa klia. Nalowesha kwa maji sehemu ninazozitaka, nanyunyiza chumvi ya mawe iliyotwangwa, punje kubwa na ndogo zikichanganyika, nasubiri maji yakauke na punje zishike. Kisha napuliza kijani juu ya vyote. Rangi ikikauka naisugua kwa brashi ya mswaki iliyolowa. Punje zinang'oka na kijani chake, na chini inatokea fedha yenye kingo zisizolingana, kingo ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzichora kwa kusudi. Wengine hutumia dawa ya nywele ya kupuliza badala ya chumvi, wanaloanisha na kukwangua. Inatoa mikwaruzo myembamba zaidi, na kwenye ncha za mabawa inafaa kuliko chumvi. Mimi natumia zote mbili kwenye ndege moja.

Ila chumvi haiendi kila mahali. Usukani wa mkiani, pamoja na vile visukani vya mabawani na vya mkia wa mlalo, vilikuwa vya kitambaa kilichovutwa juu ya fremu. Chini ya kitambaa hakuna fedha. Nimeona modeli zilizopigwa kwa ustadi wa kutisha, za watu wanaojua rangi kuliko mimi, zikiwa na alumini inayomeremeta katikati ya usukani wa kitambaa, na papo hapo ndege nzima inaacha kuaminika. Nami huangalia pia palipoguswa: shina la bawa ambapo rubani hukanyaga akipanda, pembeni mwa vifuniko vya mafuta, kingo za milango ya injini iliyofunguliwa kila asubuhi. Rangi hutoka panapopita mikono na miguu. Bamba lililo katikati ya bawa, lisilofunguliwa na mtu, huwa na kijani chake kizima.

Nina sababu ya kuijua Burma. Mjomba wake mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikuwa katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni, ikilishwa kwa mizigo iliyodondoshwa na ndege kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu, hadi wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Alirudi. Wengine hawakufika hata huko. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini kwenda Colombo, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga meli Khedive Ismail karibu na Maldives. Walikufa watu zaidi ya 1,290, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mama aliponiona kwenye simu nikipaka lile duara jekundu, aliniuliza waziwazi: "Mwanangu, hilo jua unalichora la nini? Si ndio hao waliopigana na mjomba?" Nilimjibu: "Ndio hao, mama. Ndiyo maana nataka niijue ndege yao ilivyokuwa." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwandike na yeye." Nimemwandika. Chini ya Hayabusa kuna kibao chenye jina la bonde, mwaka na neno Keya.

Kibao hicho kikawa desturi, na aliyenifundisha uzito wake ni mwenzangu wa yadini, Mfilipino. Alikuja kwangu kula, akaiona Zero kwenye kabati. Bibi yake alikuwa Manila Februari 1945, mwezi ambao raia wapatao 100,000 walikufa katika mji ule, wengi kwa mikono ya askari wa Kijapani. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama mgeni akiingia hapa atajua ndege hii ilikuwa upande gani na ilifanya nini. Swali la haki. Kuna watu duniani ambao lile duara jekundu likiwa ubavuni mwa ndege ni kidonda cha familia: Wachina, Wakorea, Wafilipino, Wamalei. Mtu anaweza kuupenda ustadi wa Horikoshi kwa dhati na kuvichukia vita vilivyoutumia ustadi ule kwa dhati hiyo hiyo. Sioni kwamba moja inalifuta jingine, lakini naona ni wajibu kuandika. Tangu siku hiyo kila modeli yangu ina maneno chini yake: imeundwa na kiwanda gani, iliruka kutoka wapi, ilimpiga nani.

Na Wajapani wenyewe wana vidonda vyao hapa Nagoya. Tarehe 7 Desemba 1944 tetemeko kubwa liliangusha viwanda vya ndege vya Nakajima huko Handa na vya Mitsubishi mtaa wa Dotoku. Yalikuwa majengo ya zamani ya kusokota pamba, yaliyogeuzwa ili kuunda ndege, na ndani walikuwamo wanafunzi waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wasichana walioletwa kutoka Korea. Wengi walifia humo. Tarehe 9 Juni 1945 mabomu ya ndege za Kimarekani za B-29 yaliangukia viwanda vya Aichi mtaa wa Atsuta, wakafa watu zaidi ya 2,000 kwa muda mfupi mno. Nimekwenda kusimama penye kumbukumbu yao. Ilikuwa mchana wa kawaida, magari yakipita.

Nilipojenga Zero ya mwaka wa mwisho, mfano wa 52, ndipo habari hiyo ilipoingia mikononi. Karibu na mwisho wa vita ndege nyingi ziliachwa bila praima, kijani kikilala juu ya bati tupu, na walioishika bunduki ya rangi wengine walikuwa watoto wa shule. Hata hivyo kila kiwanda kilishika mazoea yake. Mstari unaotenganisha kijani cha juu na kijivu cha chini, kwenye ndege za Mitsubishi huenda moja kwa moja hadi mkiani. Kwenye za Nakajima hupinda kwenda juu na kukutana na mkia wa mlalo. Ukiujua mstari huo, unaiona picha mbovu ya ndege iliyovunjika na kusema imetoka kiwanda gani. Mimi niliupiga wa Mitsubishi bila tepu ngumu, kwa karatasi iliyoinuliwa milimita moja hivi, ukingo ukatoka laini. Na lile duara jekundu sikutumia stika ya maji. Nalo nililipuliza kwa rangi, kwa kuwa la kweli lilipakwa, na rangi ikibabuka duara hubabuka nayo. Stika hukaa nzima juu ya bawa lililochakaa, na jicho linakataa.

Kwa walioko nyumbani wanaotaka kuanza, nitasema machache tu. Anzeni na kipimo cha 1/72. Zero yake haizidi sentimita 17 bawa hadi bawa, na haihitaji rangi nyingi. Thina ya gari, ile ya gereji, isiguse plastiki hii. Inaila, uso unakuwa na nyufa kama udongo uliokauka. Tumieni ya rangi za modeli, au rangi za akriliki. Kompresa ndogo ya friji iliyofungwa tangi na kichujio cha maji inafanya kazi kimya kuliko ile kubwa, na majirani watashukuru. Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Laka ikipulizwa hewa ikiwa nzito kwa maji hutoka na ukungu mweupe. Hapa Nagoya hilo hutokea msimu wa mvua, Juni na Julai, na Mombasa mtakutana nalo masika. Pigeni mchana jua likiwa limepanda, si alfajiri, na mwageni maji ya kichujio kila mara.

Mpwa wangu wa Kisauni ameshaanza. Nilimpelekea Hayabusa ya 1/72, ameamua kuifanya ya kikosi cha 64, kilichopigana Burma na ambacho kamanda wake, Tateo Kato, aliuawa juu ya Ghuba ya Bengal Mei 1942. Aliniuliza, "Mjomba, chumvi ya dukani itafaa?" Nikamwambia hapana, ile imesagwa mno, atafute ya mawe ya Gongoni, aitwange, aichekeche, achukue ile ya kati. Juzi amenitumia picha ya bawa la kushoto. Visukani vya kitambaa amevifunika kwa tepu kabla ya kunyunyiza. Sasa anangoja nimpatie picha za mshale ule uliochorwa mkiani, upande wa kulia, kwa sababu nilizonazo zote ni za kushoto na hataki kubahatisha.